King'ora cha Kata ya Mbugani

Kwetu Shwari, dharura ni mali ya wakubwa. Sisi wadogo tunapata tabu, moto, kipindupindu, misiba na mafuriko, lakini dharura hatupati. Dharura anaipata Waziri siku ambayo hakufika mkutanoni. Mshereheshaji anapanda jukwaani, anakohoa kidogo, anasema, "Mheshimiwa alitamani sana kuwa nasi leo, lakini amepata dharura," nasi tunapiga makofi ya huzuni na kumwombea. Jirani yangu mmoja aliunguliwa na nyumba, akachelewa kufika ofisi ya kata alikokuwa ameitwa. Akajieleza kwamba alipata dharura. Mtendaji wa kata alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Wewe?" akamwuliza. "Upate dharura kwa cheo gani?" Jirani akaomba radhi, akasema basi ni moto tu, na shauri likaisha kwa amani.

Nayasema haya mapema ili msomaji asiidhanie vibaya serikali yetu, ambayo inatupenda sana. Jamhuri ya Shwari inaitwa hivyo kwa sababu hali yake ni shwari. Redio inatuambia kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, na tukishaambiwa hivyo habari zenyewe hazitusumbui. Mimi ni mwandika mabango wa kata ya Mbugani. Watu wananiita Fundi. Hakuna jambo la serikali lililotokea kwetu bila kupita kwenye brashi yangu, kwa hiyo ninayoyasimulia nayajua kwa herufi kubwa.

Na ili usipotee: Mbugani imekaa hivi. Chini kabisa kuna mto Kirindi. Kando ya mto kuna barabara kuu. Kando ya barabara kuna nyumba zetu, na nyuma ya nyumba kuna kilima chenye shule ya msingi. Ukitoka nyumbani unachagua mawili tu, kupanda kilimani au kushuka barabarani.

*

Tuna sheria inayoitwa Sheria ya Heshima za Barabara. Inasema ukisikia king'ora, maana yake mkubwa anapita na msafara wake. Popote ulipo unaacha ulichoshika, unashuka mpaka ukingoni mwa barabara, unapunga mkono wa kulia na kutabasamu. Ukiwa unaoga, unajifuta. Mkiwa mnagombana na mkeo, mnaahirisha. Msafara ukisimama, kiongozi wa shangwe anainua mikono na kupaza sauti, "Juu!" nasi tunainua yetu na kujibu, "Juu zaidi!" Juu ni Mheshimiwa. Juu zaidi ni yeye yule, ila kwa msisitizo.

Siku moja tulikuwa tunampeleka Mzee Kipande makaburini, king'ora kikalia. Tukaliweka jeneza kando ya barabara, tukapunga mpaka msafara ukaisha, kisha tukambeba tena marehemu. Mtendaji wetu, Bwana Ndalu, alitupongeza pale makaburini, akasema hata marehemu ameshiriki kikamilifu. Wasioonekana barabarani hawaadhibiwi, maana sisi si nchi ya adhabu. Ila siku ya kugawa mbolea jina lako linakuwa gumu kutamkika.

Hakuna aliyeijua kazi ya kupokea wageni kama Bi Mashavu, muuza uji wa pale kituoni. Mama yule alikuwa na vigelegele ambavyo sijavisikia kwingine. Vilianza chini kabisa, vikapanda taratibu, na vilipofika kileleni hata walinzi wa Waziri waligeuza shingo. Bwana Ndalu alimpanga mstari wa mbele kila mara, mbele hata ya madiwani, na Bi Mashavu hakuwahi kukosa. Alikuwa mjane. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti anayeitwa Siwema, na ni huyo Siwema ninayetaka kukusimulia habari zake.

*

Mwaka mmoja mto ulifunika kata ya jirani. Redio ilisema hali ni shwari, ila kwa unyevunyevu. Wafadhili kutoka nchi za mbali, ambao redio yetu hawaielewi, wakaingiwa na wasiwasi, wakatoa msaada wa kuwaandaa wananchi na vijana kwa maafa. Serikali yetu haikatai msaada. Ikaunda Wizara ya Dharura, Utayari na Mapokezi chini ya Mheshimiwa Dakta Makuu, na vijana wa kata za kando ya mto, wa Mbugani wakiwemo, wakaitwa kwenye semina.

Zoezi la kwanza lilikuwa la kuokoa watu katika moto. Moto ulichelewa kuanza kwa sababu mgeni rasmi hakuwa amefika. Alipofika, alikaa meza kuu, akatambulishwa, akasema itifaki imezingatiwa, ndipo moto ukaruhusiwa kuwaka. Majeruhi walilazwa chini kwa kufuata vyeo. Kijana mmoja aliyekuwa akiigiza kuvunjika mguu aliombwa ainuke ampishe mjumbe wa kamati ya maendeleo, na kweli mjumbe aliugulia maumivu vizuri zaidi. Machela zilibebwa uso kwa kamera. Waliobeba waliambiwa watembee polepole, wasije wakatoka na ukungu kwenye picha, na kibanda kikateketea chote huku kila mtu akionekana vizuri.

Lakini kulikuwa na siku moja mgeni rasmi alipata dharura na hakutuma mwakilishi. Siku hiyo haikuwa na kamera wala meza kuu. Muuguzi wa zahanati, kwa kukosa la kufanya, akawafundisha vijana kweli: kumbeba mtu asiyeweza kutembea, kuzuia damu, kukimbilia wapi na kwa njia ipi. Siwema aliishika siku hiyo moja akaondoka nayo.

Aliporudi hakutulia. Yeye na wenzake walipaka mawe chokaa, wakayapanga njia nzima kutoka nyumbani kwetu mpaka shuleni kilimani, hata mtu mwenye macho mabovu aione. Walizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani ni mgonjwa, nani hawezi kutembea, nani atambeba nani. Jumamosi aliwakusanya watoto.

"Maji yakija?" anauliza.

"Juu!"

"Ukisahau viatu?"

"Juu!"

"Mama akikuita urudi?"

"Juu, na mama juu!"

Wanakimbia wakicheka kwenye yale mawe meupe, wadogo wakishikwa mikono na wakubwa. Mimi nilikuwa nikiwatazama nikiwa na brashi mkononi na kusahau rangi inakauka. Nilifurahi, nasema kweli. Kwa mara ya kwanza Mbugani kulikuwa na jambo ambalo halikuwa na bango.

*

Kisha wizara ikaleta king'ora.

Kilikuwa kizuri, chekundu, cha kuzungusha kwa mpini, nacho kilisimikwa juu ya nguzo fupi kilimani, kando ya shule. Maelekezo yalikuwa mepesi. Mto ukijaa, king'ora kitalia, na wananchi wote watapanda juu. Mtaalamu wa wizara alituhakikishia kuwa katika nchi kilikotoka king'ora hicho, watu hupanda bila matatizo.

Asubuhi moja nilikuwa nikinywa uji kwa Bi Mashavu. Siwema alikuwa akimsaidia kuosha vikombe, akamwuliza kama alivyozoea kuwauliza watoto.

"Mama, king'ora kikilia unafanyaje?"

"Napanda juu, mwanangu."

"Hata kama una wateja?"

"Nawabeba na vikombe vyao." Bi Mashavu akacheka, kisha akapunguza sauti. "Ila nikwambie ukweli? Hii miguu imeshazoea. King'ora kikilia inashuka barabarani yenyewe, wala hainiulizi. Juzi kimelia redioni tu, kwenye habari, nikajikuta niko mlangoni napunga mkono."

Tulicheka sana, mimi na wateja wengine, hata mmoja akapaliwa. Siwema hakucheka. Aliweka kikombe chini, akafuta mikono kwenye khanga, akaenda moja kwa moja ofisi ya kata.

Nilimkuta huko, maana nilikuwa nimeitwa kuandika upya neno USIINGIE mlangoni. Siwema alikuwa amesimama mbele ya meza ya Bwana Ndalu.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba. Sema."

"Nimekuja kwa ajili ya king'ora. Kwetu sisi king'ora ni mkubwa anapita. Watu watashuka, Mtendaji, hawatapanda. Tunaomba ruhusa tutumie ukunga."

Ukunga, kwa asiyejua, ni ule ukelele wa hatari ambao mama zetu walikuwa wakiupiga zamani. Mmoja anaanza, wa nyumba ya pili anaupokea, na kabla hujavaa kandambili mtaa mzima umeshatoka nje. Hakuna aliyewahi kuusikia ukunga akapunga mkono.

Bwana Ndalu hakukasirika. Ni mtu mpole, anaweka hata kiti cha wageni, ingawa juu yake kuna mafaili.

"Binti yangu," alisema, "ukunga ni kuzua taharuki. Sheria ndogo za kata zinakataza kuzua taharuki. Na hata zingeruhusu, hebu niambie, ukunga unazinduliwaje? Utepe utaufunga wapi?"

Mimi mwenyewe nikaacha kuandika ili nifikirie. Na kweli, ukunga hauna pa kufunga utepe.

"Wananchi wataelimishwa," Bwana Ndalu akamalizia, "baada ya uzinduzi."

*

Hapo ndipo lilipokaa jambo lote. King'ora hakikuwa kimezinduliwa. Kilikuwa kimevishwa utepe wa rangi za taifa, umezungushwa kuanzia mpini mpaka domo, na fundo limefungwa zuri la maua. Mpaka Mheshimiwa Dakta Makuu aje aukate kwa mkasi, kilikuwa marufuku kulia.

Niliandika bango: KARIBU MHESHIMIWA DAKTA MAKUU, MBUGANI TUKO TAYARI, na tarehe chini. Mheshimiwa akapata dharura. Nikafuta tarehe nikaandika nyingine. Akapata dharura tena. Nilifuta tarehe pale mpaka kitambaa kikaanza kuonyesha upande wa pili. Mvua za vuli zilikuja zikaondoka, na mvua za masika hazikuomba tarehe kwa mtu. Kila Jumamosi watoto walikimbia kwenye mawe meupe, na king'ora kikawatazama kimevaa utepe.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Kwetu hapakuwa na wingu hata moja. Kulikuwa na weusi mbali sana kule milimani unakotoka mto, lakini huko si kata yetu. Tangu asubuhi watu walijipanga barabarani wakiwa na khanga za sare zenye picha ya Mheshimiwa. Bi Mashavu alikuwa mbele, amejipaka mafuta, na sauti ameipumzisha kwa tangawizi.

Jua lilipofika utosini Bwana Ndalu alipokea simu. Alisikiliza amesimama wima. Kisha akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, Mheshimiwa amepata dharura kidogo. Huenda atafika mchana huu, huenda baadaye. Nendeni majumbani mkapumzike, lakini masikio yawe wazi. Mkisikia tu king'ora, wote barabarani, mbio! Asije akatukuta hatupo, tukaaibika."

Dharura yenyewe, tulikuja kusikia, ilikuwa suti. Ilibana kwapani, na fundi alikuwa akiitanua.

Mimi nilikuwa kilimani, nikifunga bango la pili karibu na king'ora. Siwema alikuwa pale, amekaa kwenye jiwe, anatazama ule weusi wa milimani. Simu yake ikaita. Alikuwa kijana mwenzake wa semina, wa kata ya Milimani, na alikuwa akipiga kelele kiasi kwamba hata mimi nilimsikia.

"Siwema! Mto umepita hapa, umebeba daraja! Unakuja kwenu! Toa watu!"

"Saa hizi?"

"Saa hizi, dada! Watoe!"

Akampigia Bwana Ndalu. Namshukuru Mungu kwamba Bwana Ndalu alipokea, asije mtu akasema serikali haikupatikana. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mheshimiwa anafahamu?" Na Siwema aliposema hajui, akamwambia, "Subiri nipate maelekezo."

Siwema alitia simu kifuani. Aliushika ule utepe, akauvuta, haukukatika, ulikuwa utepe imara wa serikali. Akaukata kwa meno. Kisha akashika mpini akazungusha kwa nguvu zake zote, na king'ora cha Mbugani kikalia kwa mara ya kwanza.

Kilikuwa na sauti kubwa, wafadhili hawakutudanganya. Milango ya Mbugani yote ilifunguka. Watu walitoka, hawakuuliza, hawakurudi kuchukua vitu, walitoka wote kwa pamoja kama Siwema alivyokuwa akiwaomba miezi yote ile. Nilimwona anaanza kutabasamu. Watu wakageuka kuelekea barabarani, wakaanza kukimbia.

"Sio huko," Siwema alisema, kwa sauti ya kawaida tu. Kisha akaniwekea mpini mkononi. "Fundi, shika." Akapanda kwenye jiwe akawaita, lakini king'ora kilimeza sauti yake, na kadiri nilivyozungusha ndivyo walivyokimbia. Akina mama walifunga khanga wakikimbia. Watoto wadogo waligeukia kwenye mawe meupe wakiwavuta mama zao, na mama zao wakawakemea, wakawabeba mgongoni, wakashuka nao.

"Acha, Fundi! Acha kuzungusha!"

Nikaacha. King'ora kikanyamaza. Na chini kule, kila mtu akaelewa kwamba gari la Mheshimiwa limeshasimama, wakaanza kuimba.

Siwema akashuka kilima akikimbia, mikono ameinua juu, akipaza sauti, "Juu! Juu!"

Wakamwona. Kata nzima ikainua mikono. "Juu zaidi!" wakaitika.

"Juu, jamani! Juu!"

"Juu zaidi!"

Mbele yao wote alikuwa Bi Mashavu. Alimwona mwanawe anashuka kilimani ameinua mikono, na mimi namjua yule mama, najua alichofikiri. Alifikiri mwanawe amepewa heshima ya kuongoza shangwe. Akapiga vigelegele. Vilianza chini, vikapanda, vikazidi kupanda, na vikakatika katikati. Nadhani hapo alikuwa karibu kiasi cha kuuona uso wa Siwema, na uso ule haukuwa wa shangwe. Aligeuka akatazama mto. Kisha nikamwona anashika watoto wa watu, yeyote aliye karibu, anawarusha juu ya tuta la barabara, mmoja baada ya mwingine, anawarusha kama mtu anayepakia magunia, na waliorushwa wakakimbia kwenye mawe meupe kama walivyofundishwa.

Maji hayakuwa na rangi ya maji. Yalikuwa na miti, na bati, na daraja la Milimani. Yalipita barabarani yakachukua mstari wa mbele, kisha mstari wa pili. Siwema alikuwa bado hajafika chini.

Sitaki kusema zaidi. Naandika mabango, sina herufi za kuandikia jambo lile.

*

Serikali yetu haikukaa kimya. Iliunda tume siku hiyo hiyo, hata kabla hatujamaliza kutafuta watu wetu. Bi Mashavu alipatikana mbali sana mtoni, bado amevaa khanga yenye picha ya Mheshimiwa. Siwema alimwosha mwenyewe pamoja na wanawake wa mtaani. Hakulia. Watu walimnong'onea alie, atapumua, naye akajibu ndiyo, nitalia, kama mtu aliyeahidi kurudisha sufuria ya jirani.

Tume ilisoma matokeo hadharani. Ilisema king'ora kimefanya kazi kwa kiwango cha kimataifa. Ilisema wananchi wa Mbugani waliitikia kwa haraka na nidhamu ya kupigiwa mfano, na kwamba hakukuwa na taharuki yoyote. Kasoro ilikuwa moja tu. King'ora kilizinduliwa na mtu ambaye si mgeni rasmi. Siwema akakamatwa kwa kosa la kufanya uzinduzi bila mamlaka na kuharibu utepe wa taifa, akawekwa kwenye chumba cha mahabusu nyuma ya ofisi ya kata, pale pale kando ya barabara, ambapo ukuta ulikuwa bado na alama ya maji.

Hakukuwa na taharuki yoyote. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, nikarudi nyumbani nikakaa. Laiti ingekuwepo. Laiti mtu mmoja angetaharuki, akapiga ule ukelele wa mama zetu, watu wakachanganyikiwa, wakaangushana, wakakimbia ovyo upande wa kilimani bila mpangilio wala sare. Tungekuwa nao leo. Tungekuwa tunapigwa faini sote, tuko hai.

Bwana Ndalu akaniletea kazi ya bango la rambirambi. Lilitakiwa liseme POLENI WANA-MBUGANI, na chini yake jina la Mheshimiwa kwa herufi kubwa kuliko pole yenyewe. Niliuliza kama niandike na majina ya waliofariki. Akaniambia kwa upole kwamba bango halina nafasi.

*

Mheshimiwa Dakta Makuu alikuja kutufariji. Safari hii hakupata dharura. Alitoka mjini na msafara mrefu, suti imekaa vizuri, na mbele yake gari la king'ora likilia kama kawaida.

Tulikisikia kabla hatujaona vumbi.

Wanawake waliokuwa wakipika waliacha vyungu motoni. Watu waliwanyanyua wazee wao, kila mtu akijua anamnyanyua nani, maana Siwema alishawaambia nyumba kwa nyumba. Wakubwa waliwashika mikono wadogo. Wakatoka, na wakageuka kuelekea kilimani. Walinzi wa mahabusu nao wakatimua mbio. Wanawake wale waliomwosha Bi Mashavu ndio peke yao walioshuka, wakafika ofisi ya kata, wakavunja kufuli kwa mchi, wakamtoa Siwema, wakapanda naye wakiwa wamemshika huku na huku. Nami nilipanda na ndoo ya rangi, sijui kwa nini nilibeba ndoo.

Hakuna aliyeanguka. Hakuna aliyerudi kuchukua kitu. Kata nzima ilipanda kwenye mawe meupe mpaka shuleni, na tukageuka kutazama mto.

Mto ulikuwa mahali pake. Barabarani palikuwa na magari meusi, milango inafunguliwa, na watu wa suti wanatazama huku na kule. Bwana Ndalu alikuwa amesimama peke yake, anapunga mkono wa kulia. Kipaza sauti kikakohoa, kisha sauti ya Mheshimiwa ikatufikia mpaka juu.

"Ndugu wananchi, nimefarijika sana kwa jinsi mlivyojitokeza kwa wingi."

Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akamsogelea Siwema. "Mwanangu," alimwuliza, "tushuke?"

Siwema aliwatazama. Aliwatazama mmoja mmoja, wazee waliobebwa, watoto walioshikana mikono, akina mama wasio na viatu, wote wako juu, wote wanahema.

"Msishuke," alisema.

Kisha akakaa chini kwenye nyasi, na kile kilio alichokuwa ameahidi kikaja. Nilikaa kando yake kwa sababu sikujua la kufanya. Alilia kwa muda mrefu kabla sijaelewa anachosema.

"Njia wanaijua, Fundi," alikuwa akisema. "Kumbe njia wanaijua."